Chumvi ya Papa Alphonse

Kavira alipohama Butembo kuja Bunia, alipata kazi katika duka la vyakula la Lambert, kijana mwenye akili ya biashara na miguu isiyotulia. Duka lilikuwa karibu na soko. Wanawake watatu walisimama nyuma ya meza ndefu wakipima unga, mchele, maharage na samaki wa moshi wa Tchomia, na Kavira, ambaye alikuwa amevuka miaka arobaini, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Kila mchana mmoja wao alitoka kununua mihogo na sombe ya majani yake, wakala pamoja wakiwa wamekalia magunia, huku wakiigiza sauti za wateja wagumu. Joëlle, aliyeshika upande wa mafuta, alikuwa fundi wa kuigiza. Kuna siku Kavira alicheka mpaka ikabidi atoke nje kupumua.

Binti yake, Falone, alibaki Butembo kwa bibi yake ili amalize shule. Mpango ulikuwa amfuate mama baadaye, lakini barabara ya Komanda, ile ya kuja Bunia, ikawa mbaya kwa mashambulizi, ikatulia, ikawa mbaya tena, na kila likizo mpango ukasogezwa mbele. Waliandikiana kwa simu. Kavira aliandika maneno mengi. Falone alijibu kwa picha ya kidole gumba.

Kisha Lambert akaenda Kampala kununua bidhaa, akarudi na jambo jingine kabisa. Aliwakusanya wafanyakazi wake asubuhi moja, akampa kila mmoja simu mpya, kioo chake bado kimefunikwa plastiki.

"Mutazame," akasema. "Client iko kwake. Anafungua application, anachagua muchele, mafuta, sabuni. Inaingia mu telefone yenu. Munamupigia, munamuuliza anaikala fasi gani, munaandika, munatumia motard. Motard anapeleka. Basi."

"Na duka?" Joëlle akauliza.

"Duka ya nini tena? Duka iko mu mikono yenu."

Chumba cha duka kikarudishwa kwa mwenye nyumba. Bidhaa zikahamishiwa kwenye depo iliyokuwa nyuma ya barabara kubwa, mahali ambapo waendesha pikipiki, wale motard, walifika kuchukua mizigo na kuondoka. Wanawake wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani.

Mwanzoni Kavira alifurahi. Hakuna tena kukanyaga matope asubuhi, hakuna kusimama mpaka miguu ivimbe. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Mudzipela, katika ua wa nyumba nne. Aliweka kiti karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao ulikamata vizuri, akatia maharage jikoni, na kazi ikamfuata humo ndani kama mgeni asiye na shida. Majirani zake walikuwa wachuuzi. Walitoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jua linapozama. Kwa hiyo kutoka asubuhi mpaka jioni ua wote ulikuwa wake na kuku.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusikiliza. Bunia nyumba hazina namba, na mtu akikuelekeza kwake anakuelekeza kwa vitu: kanisa lenye ukuta wa kijani, kinyozi mwenye kipaza sauti, bomba la maji lililoharibika. Kavira aliuliza, akaandika, akamtumia motard. Kwa siku alizungumza na watu wengi sana, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno lolote lisilokuwa la njia. Alianza kuijua Bunia kwa masikio. Angeweza kumpeleka mtu mpaka mlango wa nyumba katika mtaa ambao yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga.

Joëlle aliolewa, akaenda na mumewe Kisangani. Mwanamke wa tatu alipata kazi kwenye shirika. Lambert hakuajiri wengine. Alisema mtu mmoja mwenye simu moja anatosha, na kweli alitosha. Kundi lao la WhatsApp halikufungwa, ila sasa habari zote humo zilikuwa za Lambert: mafuta yamekwisha, mchele umefika, Jumatatu depo itafunguliwa saa mbili. Kavira alijibu "sawa" kila mara, halafu akaitazama simu kidogo, kama mtu aliyebisha hodi.

Katika hali hiyo ndipo Papa Alphonse alipoingia.

Aliagiza pakiti moja ya chumvi. Kavira akampigia, kama kawaida.

"Allo, papa. Ni kampuni ya Lambert. Uliomba chumvi. Unaikala fasi gani?"

"Eee! Umenipata!" Sauti ilikuwa kubwa, ya mzee, na ilipasua sikio. Kavira akaisogeza simu mbali na kichwa. "Niko Nyakasanza. Unajua fasi balikuwa bachoma tofali?"

"Ndiyo, papa."

"Apana pale. Pale unapita tu. Unashuka, utakuta muti ya avoka."

"Muti ya avoka," Kavira akarudia huku akiandika.

"Balisha kuukata. Walikata mwaka jana. Lakini shina iko, mama moja anauzia pale makala ya kupikia. Siku ingine hayuko, anaenda kulilia bandugu yake. Basi, akiwa hayuko, utaona makala chini, nyeusi nyeusi. Pale pinda."

Kavira alicheka. Ilimtoka tu. Akaziba mdomo kwa mkono, maana alikuwa kazini, lakini mzee alikuwa amesikia.

"Unacheka!" akasema, na yeye akacheka. "Bon. Mwambie ule motard asikimbie. Akikimbia atanipita."

Kesho yake aliagiza tena, safari hii kiberiti. Njia ya kwenda kwake, Kavira alikuwa nayo tayari kwenye simu. Angeweza kuituma bila kumwuliza mtu. Lakini kidole chake kilienda kwenye kitufe cha kupiga.

"Papa, ni mie wa jana. Unaikala tu palepale?"

"Leo nitakuonyesha njia ingine," mzee akasema. "Ile ya jana iko ya haraka. Hii iko ya kupita pa batu."

Basi kila siku aliagiza kitu kimoja kidogo, na kila siku alikuwa na njia. Njia ziliongezeka urefu. Kutoka kwenye shina la parachichi ziliingia kwa jirani aliyegombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, zikatoka, zikafika Fataki, alikozaliwa na kulima maisha yake yote, zikapita kwenye shamba lake la viazi na ng'ombe wake mmoja aliyekuwa akifungua lango kwa pembe. Kavira alijua sasa kwamba mzee alikimbilia Bunia na mkewe, kwamba mkewe alizikwa hapa, na kwamba mwana wao Blanchard, fundi wa friji huko Kampala, alipokuja kumzika mama yake ndipo alipomwekea baba programu ile kwenye simu. Blanchard alilipia kutoka kulekule. Mzee alibonyeza tu.

Siku moja, katikati ya habari za ng'ombe, Papa Alphonse aliuliza, "Na weye, mama, ulisha kula?"

Kavira alitazama sufuria yake. Maharage yalikuwa yameungua bila yeye kunusa.

"Bado, papa."

"Kula kwanza. Chumvi itangoja."

Alipokata simu alibaki amekaa, mikono mapajani. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwuliza hivyo. Tangu siku ile alianza kuiacha oda ya mzee iwe ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, na alipokula, alikula akiwa bado ana sauti ile masikioni, ikawa kama amekula na mtu.

Kiangazi kilipoanza Lambert alituma ujumbe kwenye kundi: programu inabadilishwa, kila mmoja abonyeze na kusubiri. Kavira alibonyeza. Simu ilizunguka, ikajizima, ikawaka. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kitufe cha kupiga. Mahali pake palikuwa na ramani ndogo na nukta nyekundu.

Alimpigia Lambert kwa simu yake mwenyewe.

"Patron, siwezi kupigia baclient tena."

"Ndiyo, maman Kavira. Sasa application inaona yenyewe fasi client iko. Motard anafuata ile nukta. Weye unabonyeza tu confirmer."

"Na kama amepotea?"

"Hapotei." Lambert alikuwa njiani, upepo ulivuma kwenye simu. "Maman, unajua zile simu zilikuwa zinakula unité ngapi? Essence ya bamotard imepanda. Na kuna bamama walilalamika kama bamotard banabaki na namba zao. Sasa hakuna mutu anaona namba ya mutu. Iko muzuri kwa wote."

Hakusema vibaya. Kavira hakuona pa kumkatalia. Namba ya mzee hakuwa nayo, maana simu zote zilipitia ndani ya programu, wala hazikuacha alama. Na mzee naye hakuwa na yake.

Oda ya Papa Alphonse iliingia mchana ule: chumvi, pakiti moja. Nukta nyekundu ilisimama Nyakasanza, chini ya mahali palipochomwa matofali. Kavira alibonyeza. Nukta ikawa ya kijani. Oda ilikuwa imekwisha.

Kesho yake ikaja chumvi. Kesho kutwa, chumvi. Kiberiti hakuagiza tena, wala sabuni. Ni chumvi tu, siku baada ya siku. Kavira alibonyeza kila mara, na kila mara alibaki ameishika simu kitambo, kama vile ingeweza kujipigia yenyewe. Sasa alimaliza kazi ya siku nzima bila kutoa sauti. Jioni jirani alipomsalimia uani, ikabidi akohoe kwanza kabla ya kujibu.

Dany, motard aliyehudumia upande wa Nyakasanza, alimtumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka. "Mama Kavira, ule muzee wa chumvi! Iko na chumvi ya kulisha ng'ombe yote ya Djugu. Na leo ameniuliza, 'Ule mama wa telefone, iko mugonjwa? Ao balimufukuza?' Nikamujibu, nikamujibu tena. Hasikii, mama. Nikamuachia chumvi yake, nikaenda."

Kavira aliusikiliza ujumbe ule, akaurudia. Alitaka kumjibu Dany, akaandika, akafuta. Siku ya Jumamosi, baada ya saa za kazi, alivaa kitenge chake kizuri, akafunga mlango, akatoka kwa miguu kwenda Nyakasanza.

Hakutazama ramani. Alipita mahali pa matofali, akashuka. Shina la parachichi lilikuwepo, na mama wa makaa alikuwepo, akimnyonyesha mtoto. Alipinda. Alikutana na ukuta uliobomoka nusu na vitambaa vilivyoanikwa juu yake, kama alivyoelezwa. Alimtambua hata mbuzi wa ugomvi. Ilikuwa ajabu kwake kuona kwamba vitu hivyo vyote vina rangi.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya udongo na bati, ua wake umezungushiwa uzio wa matete. Papa Alphonse alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni. Kavira alikuwa amemfikiria mtu mkubwa, kwa ile sauti. Alikuwa mwembamba, mabega yamekaa kama ya mtoto ndani ya koti la sufu.

"Jambo, papa," Kavira akasema.

Mzee alimtazama.

"Ni mie, Kavira. Wa kampuni. Mama wa telefone."

"Eeh?"

Kavira alisogea, akapaza sauti. "Ni mie! Wa chumvi!"

"Chumvi imesha fika," mzee akasema kwa heshima. "Kijana ameleta asubuhi. Aksanti."

Aliingia mpaka karibu kabisa, akachuchumaa, akasema tena jina lake karibu na sikio lake la kulia, kisha la kushoto. Mzee alimwangalia midomo kwa bidii, akatikisa kichwa, akaonekana kuona haya. Alimwonyesha kiti kingine. Kavira akakaa. Mzee aliutazama uso wake kwa macho ya mtu anayetafuta jina la mgeni, na alipoona muda unapita, akatabasamu, akasema, "Kumekauka mwaka huu."

"Kabisa," Kavira akasema, lakini mzee hakusikia.

Kavira alihisi machozi yanamjia, ya aibu zaidi kuliko ya huzuni. Kitenge kizuri, mwendo wote ule. Aliinuka kuaga. Ndipo simu ya mzee ilipolia ndani ya mfuko wa koti. Aliitoa, akaibandika sikioni kwa mkono wote, kama anaziba kidonda.

"Blanchard!" akapaza sauti. "Ndiyo! Ndiyo, nimekula! Apana, nina mugeni hapa, mama moja. Sijue. Labda wa kanisa."

Kavira alisikia sauti ya kijana kutoka kwenye ile simu, kali na kubwa kupita kiasi, ikitawanyika uani. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Mzee alijibu kila neno bila kuuliza mara mbili. Hapo Kavira akaelewa. Papa Alphonse alisikia kwa simu tu.

Mazungumzo yalipokwisha, Kavira alinyoosha mkono akaiomba simu ile. Mzee alisita, akampa. Kavira aliandika namba yake mwenyewe, akajipigia, ya kwake ikalia, akamrudishia. Kisha akampigia. Mzee akaruka kidogo.

"Allo?"

"Papa, ni mie," Kavira akasema. Lakini sauti yake ilitoka kwenye simu ya mzee ikaingia tena kwenye yake, ikarudi, ikapiga mluzi mkali uliowafukuza kuku. Mzee akaiondoa simu sikioni. Kavira alirudi nyuma hatua chache. Mluzi uliendelea. Akatoka nje ya uzio, akaenda mpaka kwenye kona ya njia, akasimama ameupa ua mgongo.

"Papa, sasa unanisikia?"

"Eee!" ikaja ile sauti, yote, kama zamani. "Mama wa telefone! Uko wapi? Balikukataza kunipigia?"

"Hakuna aliyenikataza, papa. Ni telefone ilibadilika."

"Nikasema labda nimekukosea. Nikasema labda nilisema mingi."

"Apana, papa."

"Mie naomba chumvi, naomba chumvi. Chumvi haiozi, unaona. Nikasema, akirudi kazini atanipigia. Sasa uko wapi?"

Kavira aligeuka. Juu ya uzio alimwona mzee mlangoni, ameinama na simu yake, akiangalia chini kama watu wanavyofanya wakizungumza na mtu aliye mbali.

"Niko hapa inje, papa. Ni mie ule mugeni."

Mzee aliinua kichwa. Walitazamana. Kavira akainua mkono. Mzee naye akainua wa kwake, taratibu, lakini mara moja akarudisha macho chini, kwenye mazungumzo.

"Basi ni weye," akasema kwenye simu. "Nilizania uko munene."

Wapita njia walimwona mwanamke amesimama kwenye kona akicheka peke yake na simu sikioni. Walizungumza mpaka kivuli cha uzio kikavuka njia. Alipoagana naye, Kavira aliingia uani tena, wakashikana mikono kama watu waliokutana msibani, akaenda zake.

Baada ya hapo alimpigia kila siku saa ya chakula, kwa unité za simu alizonunua mwenyewe. Hakurudi Nyakasanza. Mzee hakumwita, na yeye hakuuliza. Wote wawili walijua kwamba pale kwenye viti wangekaa tu wakitazamana. Oda za chumvi zikakoma. Lambert aliliona hilo kwenye simu yake, akaandika kundini kwamba mteja mmoja wa Nyakasanza amepotea, je, kuna anayejua sababu? Kavira akaandika, "Apana." Lilikuwa neno lake la kwanza humo lisilokuwa "sawa" tangu wenzake waondoke.

Mvua zilipoanza, Blanchard alikuja kumchukua baba yake. Kavira alipata habari hiyo kwa Blanchard mwenyewe, aliyempigia kwa simu ya mzee.

"Mama, papa anakatala kupanda gari kabla ya kukuaga. Nilizania anaongea na kampuni. Anasema kila siku, 'Ngoja, kampuni itaniita.' Aksanti sana, mama. Kule nitamuwekea namba ya Uganda, nitakutumia."

Kisha akampa mzee simu. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa injini na watu wanaofunga mizigo.

"Mama, naenda," mzee akasema.

"Ndiyo, papa. Safari njema."

"Bananiambia kule kuna batoto. Ba Blanchard. Bako bane."

"Basi hautabaki peke yako."

"Eee. Na weye?"

Kavira alisema, "Mie niko, papa." Injini ikanguruma, simu ikakatika.

Blanchard alitimiza ahadi, akatuma namba. Kavira alisubiri mpaka Jumapili, akanunua unité za kutosha, akapiga Kampala. Ililia muda mrefu. Alipopokea Papa Alphonse, nyuma yake kulikuwa na televisheni, watoto, kitu kinachokaangwa.

"Allo? Nani?"

"Papa, ni mie. Kavira."

"Nani? Sisikii. Batoto, munyamaze! Nani?"

"Ni Kavira! Mama wa telefone, wa Bunia!"

"Kampuni? Ni kampuni?" Sauti ilikuja ikakatika, ikaja. "Kampuni inasema nini?"

Kavira alipaza sauti tena, mpaka jirani akachungulia. Kisha simu ikashikwa na mtu mwingine, mwanamke kijana, mpole, labda mke wa Blanchard.

"Mama, muzee hayuko tena Bunia. Hahitaji kitu kwa sasa. Aksanti."

"Sawa," Kavira akasema.

Aliiweka simu dirishani. Nje, jirani alikuwa anaosha sufuria, na Kavira alimwangalia mpaka alipomaliza na kuingia ndani. Hakukasirika. Mzee alikuwa na watoto wanne wa kuwanyamazisha, na hilo ndilo alilomtakia. Ila mchana wa Jumatatu, saa ya chakula ilipofika, alijikuta ameishika simu yake na hakuna pa kupiga, na chumba kikawa kidogo mno kwake.

Jumanne asubuhi alichukua simu ya kazi, chaja na kanga ya kujikinga na baridi, akaenda depo. Ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya samaki wa moshi na petroli. Waendesha pikipiki walikuwa wamesimama mlangoni kila mmoja na kioo cha simu yake mkononi. Hawakuinua vichwa. Alipita katikati yao, akakalia gunia la mchele karibu na mwanga, akafungua programu.

Lambert alifika baadaye, akamkuta hapo.

"Maman Kavira? Telefone iko na shida?"

"Apana, patron. Telefone iko muzuri."

"Réseau haikamate kwako?"

"Iko."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi."

Lambert alizunguka kwa macho chumba kizima, kana kwamba atamwonyesha kwamba hakuna kiti, hakuna meza, hakuna sababu. Alifungua mdomo. Simu yake ikalia, akaitazama, akatoka nayo nje. Hakurudi kumwuliza tena, siku ile wala baadaye.

Oda ziliingia. Kavira alibonyeza, na badala ya kutuma tu, alitamka kwa sauti: "Dany, Nyakasanza, mafuta." Dany aliinua kichwa, akashangaa, maana oda ilikuwa bado haijamfikia kwenye simu yake. "Ndiyo, mama," akasema, akabeba dumu, akaenda. Wengine walimtazama kidogo mwanamke yule aliyekalia mchele, kisha wakarudi kwenye vioo vyao.

Saa ya chakula mmoja wao alileta mihogo ndani ya mfuko wa plastiki. Walikula wamesimama, kila mmoja na simu katika mkono wa pili. Hakuna aliyeigiza sauti ya mtu. Dany, aliporudi, alichukua kipande, akauangalia mfuko uliobaki, akausogeza mpaka kwenye gunia la Kavira. Kavira akachukua, akala. Mihogo ilikuwa imepoa.

Nje mvua ilianza kupiga bati, kubwa, na motard aliyekuwa mlangoni akaingia ndani ili asilowe, akaketi kwenye gunia lililokuwa kando ya la Kavira. Simu ya kazi ikatetemeka. Kavira alijifuta mkono kwenye kitenge, akabonyeza, nukta ikageuka kijani.